Shokapu Zimemshinda Mzee

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako. Natumaini u mzima huko kambini na kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku hatujambo, ila mimi roho yangu wiki hii iko juu juu. Kwa kuwa simu huko haishiki, nampa barua hii dereva wa lori la mafuta, na nimemwapisha asiikalie.

Mama anaendelea vizuri. Upasuaji wa mgongo ulikwenda salama na Jumamosi anaruhusiwa kutoka. Lakini daktari ametuonya kwamba akitikiswa vibaya hata mara moja, huenda asitembee tena. Nawe unaijua njia ya kwetu, mawe na makorongo matupu. Gari linaloiweza ni lile la Mzee tu, na Mzee ameapa kwamba mkewe hataendeshwa na mtu mwingine maadamu yeye yu hai.

Shida ni kwamba siku hizi gari hilo linaturusha kama magunia. Mzee akasema shokapu zimekufa, hazizuii tena mtikiso. Fundi alizikagua akasema bado zina nguvu, naye akajibiwa kwamba gari hilo liliendeshwa kabla yeye hajaota ndevu. Basi tukaenda dukani. Muuza vipuri aling'ang'ania kutupa zile ngumu za kubebea mizigo. Mimi nikashikilia za kurekebishwa, zenye kifundo cha kuzungusha: moja ni laini kabisa, nane ni ngumu. Nilibishana naye mpaka jasho likanitoka, na unajua kwa kubishana sijambo.

Zilipofungwa tukaenda kuzijaribu, mimi nimekaa nyuma, pale atakapolala Mama. Mzee aliniomba nimsomee namba za kwenye kifundo kwa kuwa magoti yanamuuma akiinama. Tukaweka tatu, tukarushwa. Tukaweka tano, tukarushwa zaidi. Nikahamia mbele. Kaka, mchana kweupe, mbele yetu palikuwa na shimo la kumeza mbuzi, na kando yake njia safi. Mzee aliliendea moja kwa moja, usukani umetulia, huku akinisimulia habari za mvua. Hakulikwepa kwa sababu hakuliona. Nilishikilia mlango kwa mikono miwili mpaka tukafika nyumbani.

Nikamwambie nini? Unamjua, na mimi kwake ni mwoga licha ya domo langu lote. Sasa nakuungamia wewe: jana, yeye akiwa anaoga, nilifungua boneti nikachomoa waya wa betri, gari lisiwake mpaka nipate la kufanya. Alipokuja kuwasha, kimya. Nilisimama dirishani nikingoja amwite fundi kwa makelele. Hakumwita. Alifungua boneti, akapapasa kwa vidole mpaka akaufikia ule waya. Akaushika kwa muda mrefu. Kisha akauacha vilevile, akafunga boneti taratibu, akaja kukaa sebuleni.

Jioni ndipo aliponiambia nikuandikie. Alisema shokapu hizi za kisasa zimemshinda, wewe ndiye unayezielewa, kwa hiyo uje umchukue mama yako hospitalini. Mimi nikaitikia tu, nikaenda kulia jikoni.

Kaka, shokapu hazina kosa lolote. Ziweke kwenye nne na uende polepole, Mama atafika salama. Omba ruhusa, ukinyimwa njoo hivyo hivyo. Na ukifika, nakuomba, usitaje macho. Ingia chini ya gari, zungusha kifundo chochote, halafu mwambie alisema kweli, zilikuwa zinasumbua. Habari ya macho tutaizungumza taratibu Mama akiwa kitandani kwake.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Mzee naye anakusalimu. Usishangae bahasha kuwa nzito, kuna ufunguo wa gari ndani. Kautia yeye mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere