Somo wa Mtoto wa Dada

Mwenzangu, uko? Nimejifungia chooni kwa dada. Siamini nilichosikia.

Leo si ndiyo mtoto alikuwa anapewa jina. Shemeji kasimama sebuleni, kakohoa, kaanza hotuba. Jina hili, anasema, sikulibahatisha. Aliitwa hivyo malkia wa zamani aliyelinda mji wake. Aliitwa hivyo tabibu aliyewatibu maskini bure. Na rubani wa kwanza mwanamke huko kwao! Tunapiga makofi, dada machozi yanamlengalenga kwa fahari. Si unajua alimwachia mumewe achague jina.

Basi wifi yake, yule ambaye mdomo wake hauna breki, akadakia huku anatafuna: "Na yule somo wake wa chuoni, kaka, mbona humtaji? Si ulimlilia mwezi mzima alipoolewa?"



Mwezi mzima! Mbele ya wageni! Namtazama mama mkwe wa dada, kainama anafuta meza ambayo haina hata tone. Kumbe walijua. Ukoo mzima ulijua, wakapiga makofi na sisi!

Shemeji anajichekesha: "Jamani, historia imejaa wanawake wa jina hili."

Dada akamtoa mtoto mikononi mwa mumewe, taratibu kabisa. "Imejaa, ndiyo. Lakini malkia hukumlilia."

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Namsikia hapa ukutani anambembeleza mtoto. Nyamaza mama, nyamaza mama. Jina lenyewe halimtoki.