Sahihi za Akina Mama wa Kwaya

Bern, 4 Machi 2003

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima. Mwaka wa pili sasa napewa heroini zahanati kama dawa, asubuhi na jioni, mbele ya muuguzi. Siibi tena, wala sijifungii vyooni stesheni; natunza bustani za mji. Ila nafasi zimejaa. Rafiki yangu Hausi ni wa kumi na tisa kwenye foleni, na miguu yake imejaa vidonda. Sisi wagonjwa tunaliomba baraza la mji liongeze nafasi, na msomaji wa ombi ni mimi! Tunataka sahihi za ndugu na jirani. Tia yako, uwaombe na akina mama wa kwaya.

Mwanao,
Beat

Trubschachen, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti limekataa kupigwa, kwa hiyo nasali nimekaa, Mungu atazoea. Kwaya haiwezekani. Tangu 1992 nimewaambia uko Argentina unafuga ng'ombe. Bibi Zaugg wa duka la mikate huniuliza habari zako, nami kila Krismasi nakuongezea mifugo. Sasa unao mia nne. Halafu heroini itakuwaje dawa ya heroini? Mtu akizama humpi maji. Soksi hizo, vaa.

Mama yako

Bern, 15 Machi

Mama,

Soksi zimenienea, asante. Waniuliza dawa gani? Ile iliyonituliza mkono nikaanza tena kukuandikia, baada ya miaka kumi. Hausi kalazwa jana, vidonda vimeingia sumu. Daktari anasema safari hii atapona. Baraza ni tarehe 27. Usipotia sahihi sitanuna, lakini ng'ombe mia nne siwawezi.

Mwanao,
Beat

Trubschachen, 25 Machi

Beat mwanangu,

Hujambo? Hausi je? Alhamisi, baada ya mazoezi, nilisimama nikasema: "Beat hayuko Argentina. Yuko Bern, anaumwa uteja wa heroini, na anatibiwa."

Bibi Zaugg akasema, "Rösli, tulijua tangu mwaka wa kwanza. Ila ulikuwa unasimulia vizuri!"

Nikataka ardhi inimeze. Wakatia sahihi ishirini na wawili. Mpiga kinanda tu kagoma. Bibi Zaugg kalamu ilimganda mkononi. "Na binti yangu Silvia," akasema, "hayuko Australia. Ni wa thelathini na moja kwenye foleni hiyo hiyo."

Mimi na yeye tunakuja barazani pamoja, treni ya saa mbili asubuhi. Soma polepole, usimeze maneno.

Mama yako

Bern, 16 Aprili

Mama,

Shikamoo, na umsalimie Bibi Zaugg. Jibu la baraza limetoka: nafasi ishirini zimeongezwa. Hausi kaingia leo kwa magongo, anawatania wauguzi. Silvia sasa ni wa kumi na moja.

Jumatatu tunaandika ombi jingine. Njooni na kalamu.

Mwanao,
Beat