Baba Mkwe Anaandika Kuhusu Dereva wa Kike, Lakini Gari Langu Hapandi

Mpendwa Shangazi mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho, maana mume wangu ameshacheka vya kutosha kwa niaba ya watu wote.

Mimi ni mwalimu wa udereva katika shule ndogo yenye magari mawili, yale yenye kibao cha mwanafunzi mbele na nyuma na breki ya ziada upande wa mwalimu, na kazi hii niliipata kitabuni. Nilipokuwa msichana nilisoma riwaya ya dada mmoja anayeendesha lori la mizigo, anavuka milima na tela lake, anabadilisha tairi mwenyewe kwenye mvua, na wale madereva wanaume wanaomcheka mwanzoni mwa kitabu wanamwomba awavute kutoka kwenye matope kabla hujafika katikati, nami nilikisoma mpaka jalada likaachana na kurasa, nikamwambia mama nataka usukani, mama akasema haya, ila anza na kumaliza shule. Nikamaliza. Tangu niwe mwalimu, kila mwanamke anayepata leseni mikononi mwangu nampa nakala ya kitabu hicho kama zawadi.

Sasa Shangazi, mume wangu ni fundi wa majokofu, nilimpata kazini, alikuja kujifunza akagonga koni zote za kurudi nyuma na bado akashuka anacheka, nikasema moyoni, huyu ndiye. Siku aliyonipeleka kwao kunitambulisha nikaona sebuleni rafu nzima ya kile kitabu, nakala mpya zimepangana kama sabuni dukani, nikauliza ni nani humu anakipenda kama mimi, akanijibu, "Baba ndiye aliyekiandika. Hakutaka kutumia jina lake." Mzee mpole wa miwani, ameketi anamenya chungwa, kumbe ndiye! Nikamsomea ukurasa wa kwanza kwa kichwa, machozi yakamlengalenga. Kisha akaniuliza nafanya kazi gani, nami nikiwa na hakika atainuka acheze, nikamwambia nafundisha watu udereva. Akaliweka chungwa chini.

"Wanaume tu, natumaini," akasema.

Nilidhani ni utani wa wakwe. Haukuwa utani. Baba mkwe wangu anaamini kwa moyo wake wote kwamba mwanamke hafai kushika usukani, eti anatazama barabara kwa moyo badala ya macho, na nilipomuuliza kwa adabu zote, na yule dada wa lori je, akanijibu bila hata kusita kwamba ile ni hadithi. Yeye mwenyewe hajui kuendesha, habari zote za lori alizipata kwa marehemu kaka yake aliyekuwa dereva, na gari langu hajapanda tangu niolewe. Kuna siku alikuwa anakwenda hospitali ya macho, mvua inanyesha, nami naelekea hukohuko, akakataa lifti, basi nikamfuata taratibu kioo nimekishusha, yeye anatembea na mwavuli, mimi mwendo wa konokono, tunaongea habari za majirani vizuri kabisa, magari nyuma yanapiga honi mpaka yanakaukwa na sauti, tukafika pamoja, amelowa hadi magotini, akanishukuru kwa kumsindikiza.

Hayo ningeyameza, maana kwa mengine yote ananipenda na mimi nampenda. Lakini majuzi alihojiwa redioni kama mwandishi, kwa jina lile la jaladani, akayasema maneno yaleyale ya usukani na moyo mbele ya watu wote, na kesho yake mwanafunzi wangu mmoja, ametoka tu kufaulu, akanirudishia zawadi yangu mezani. Akasema anashukuru sana kwa masomo ila hawezi kuweka nyumbani kwake kitabu cha mtu anayemdharau. Nikarudi nyumbani nikakisoma upya chote, na safari hii kila dada wa lori akifungua mdomo nasikia sauti ya baba mkwe, na nilipofika mwisho, pale anapoolewa na kumkabidhi mumewe funguo, akabaki mlangoni analitazama lori likienda, mahali ambapo usichanani nililia kwa utamu wa mapenzi, nikajiona nimechezewa shere miaka yote.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, hajawahi kusoma hata mstari wa baba yake na anasema hatasoma. Ni muuguzi, kazini wamempa nafasi ya kusimamia zahanati za pembezoni, sharti awe na leseni ya kuendesha, na kwa kuwa bado anaishi kwa baba yake, mzee amekataa katakata. Ameniomba nimfundishe, na ameniambia vile vitabu nivitupe vyote. "Kila nakala unayogawa," aliniambia, "unamwongezea baba kiti cha kukalia akitudharau." Mume wangu yeye anasema baba ni baba, kitabu ni kitabu, na chai inapoa.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mzee ameanza riwaya mpya, ya mwanamke dereva wa gari la wagonjwa, na juzi akaja hadi mlango wa jikoni kwangu, miwani ameipandisha kipajini, akaniuliza kwa unyenyekevu, "Mwanangu, gari likiwa limesimama mlimani, mguu wa kushoto unafanya nini na ile klachi?" Nikasingizia sufuria inafurika. Haikuwa na kitu hata cha kuchemka.

Shangazi, niendelee kumsoma? Niendelee kugawa kitabu chake? Na hilo swali la klachi nimjibu, au nimwache na hadithi yake?

Mimi,
Mwalimu wa Usukani

*

Mwalimu, mwanangu,

Nilijizuia nisicheke mpaka ulipofika kwenye mwavuli. Hapo nilishindwa, nisamehe.

Pole, lakini. Wasomaji wengi tuna bahati ya kutokutana na waandishi wetu, tunawapenda kwa mbali na wao wanatutunzia heshima yao kwa mbali. Wewe umekutana na wako, na unamkorogea chai. Ni mtihani, siukatai.

Sasa nikuseme kidogo. Unakilaumu kitabu kwa kosa ambalo hakikulifanya. Uliposoma kile kitabu ukiwa msichana hukumwomba mwandishi ruhusa ya kuota, na leo huhitaji ruhusa yake kuendelea. Dada wa lori alishatoka nyumbani kwa huyo mzee zamani, akaja kwako, mkapanda milima pamoja. Mzee akisema redioni kwamba haiwezekani, amechelewa, wewe umeshafika.

Ila usiniletee ule msemo wa mumeo kwamba kitabu ni kitabu. Hiyo ni kauli ya mtu anayetaka chai yake. Imani ya mzee imo ndani ya kitabu, umeiona mwenyewe kwenye zile funguo. Usichanani hukuiona kwa sababu ulikuwa msichana, na hujachezewa shere, umekua tu. Soma hivyo basi, kwa macho uliyo nayo leo. Lakini uwe na haki: mtu asiyetaka mwanamke barabarani amemwendesha mwanamke kitabu kizima, amempa matairi, matope na ushindi, akaja kukumbuka itikadi yake mlangoni kabisa, msafara umeshapita. Mkono wake uliona jambo ambalo mdomo wake mpaka leo haukubali. Hilo halimsafishi. Lakini kuna waandishi ambao dharau yao inanuka kila ukurasa, hao vitabu vyao vifunge bila kuaga. Huyu wako si wa hao.

Kwa hiyo zawadi endelea kuitoa, ila acha kuitoa kama hirizi. Mwambie mwanafunzi wako wazi: kitabu hiki kilinipa kazi, aliyekiandika anasema hivi na hivi kuhusu sisi, na mwisho wake mimi siupendi, soma uniambie wewe unaonaje. Na yule aliyekurudishia usimkimbilie na hoja. Mtu hasomeshwi hadithi kwa nguvu. Mpongeze kwa leseni yake, mambo yaishe.

Nilipokukasirikia hasa ni kwa wifi yako. Umenieleza jalada, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho, mpaka rangi ya machozi, na yule binti anayekosa kazi umemweka katikati kama kituo cha kunywa maji. Mwanangu, ugomvi wako hauko kwenye rafu. Ukivitupa vitabu vyote leo, kesho wifi yako atakuwa bado hajui kurudi nyuma kwa gari. Anahitaji mwalimu, na mwalimu yuko katika familia. Anza naye wiki hii, mchana kweupe, bila kumficha mzee. Ni mtu mzima, anachoma watu sindano na wanatulia, hashindwi kumwambia baba yake, "Baba, nakuheshimu, na najifunza." Na mumeo asimame pembeni yake. Mwambie nimesema mimi: chai ikipoa hupashwa moto. Yeye ndiye shahidi bora katika nyumba hiyo, mwanaume aliyegonga koni zote akafundishwa na mwanamke, na leo anaendesha.

Jambo moja zaidi kuhusu wifi: kama hataki kusoma vitabu vya baba yake, usimbembeleze. Wewe ulimpata mzee kwanza kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa tamu. Yeye amempata mezani tangu utotoni. Hamkuanza kusoma ukurasa mmoja.

Tuje kwenye klachi. Umesema haraka haraka, kama jambo dogo, kwamba mzee hajui kuendesha. Sijui kama ni woga, na wewe usimwambie kwamba ni woga. Lakini mtu mwenye msimamo mkali kama wake, amekuja mwenyewe hadi mlango wa jikoni, miwani kipajini, kumuuliza mwanamke habari za gari. Swali hilo lina thamani kuliko mahojiano yote ya redio, nawe umelijibu kwa sufuria tupu.

Mrudie. Usimnyime jibu, na usimpe jikoni wala mezani, maana klachi haielezwi kwa mdomo, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Mwambie kwa upole, "Baba, jibu liko garini." Akikataa, heshima yako kwake ibaki palepale, wala usimwongezee hata neno moja. Dereva wake wa gari la wagonjwa atakaa mlimani gari limezima mpaka baba mtu atakapokuwa tayari.

Akikubali, mfungulie mlango wa mbele, mfungie mkanda, chagua mlima usio na magari mengi. Usihubiri. Redio usiitaje, funguo za kitabuni usizitaje. Simama katikati ya mteremko, legeza klachi mpaka gari litetemeke kidogo, lisirudi nyuma wala lisiende mbele, umwambie asikilize kwa nyayo. Kisha panda. Shuka, urudie, mpaka aridhike. Endesha kama unavyoendesha siku zote.

Mkimaliza mrudishe hadi mlangoni pake. Akishuka akaingia ndani bila kusema neno, usijisikie vibaya wala usimwite. Atakuwa anatafuta kalamu.

Shangazi