Uwele, Alizeti na Mizinga ya Babu Yako

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mgori tu wazima, mama yako ameanza kuvuna.

Kwa kazi yako ya shule, unauliza ulinganishe mimea gani miwili isiyo na undugu wa karibu. Chukua uwele na alizeti. Nilipoolewa hapa, nyuki waliniuma, nikamng'ang'ania babu yako mpaka akahamishia mizinga yake msituni. Msimu ule uwele ulijaa punje, maana wenyewe unatosheka na upepo kubeba chavua yake. Alizeti zilichanua vizuri, lakini nilipozipura nikapata mapepe matupu. Zenyewe zinataka nyuki. Babu yako aliyatazama yale mapepe.

Kesho yake alinikuta msituni, nimejifunga kanga usoni, nahangaika kuurudisha mzinga nyumbani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jana nyuki waliniuma tena, na alizeti zimeinama kwa uzito.

Bibi yako