Muhuri Wangu Kwenye Jalada

Jumatatu, 2 Oktoba
Mvua. Paka sita wamekula. Wa saba, Kinako, amechelewa kama kawaida yake. Nilisimama na mwavuli mpaka walipomaliza, nikaokota sahani, nikafuta sakafu. Miaka minne nafanya hivi, na bado Bi Yanase wa chini anapanga chupa za maji kuzunguka maua yake ili kuwatisha. Leo Kinako kalala katikati ya chupa mbili. Nilicheka peke yangu.

Jumanne, 3 Oktoba
Jalada la matangazo ya jengo letu, lile linalopita mlango kwa mlango, limefika. Bi Sekiguchi, jirani yangu, kalileta mikono imejaa unga. Zoezi la tetemeko, zamu ya kusafisha mifereji, siku ya taka za chupa. Nikapiga muhuri wa jina langu, nikalipeleka mlango wa pili kabla chai haijapoa. Jalada halilali kwa mtu.

Ijumaa, 6 Oktoba
Mwenyekiti wetu, Bwana Ushijima, kabandika karatasi ngazini. Paka wataondolewa Alhamisi ijayo, wapelekwe kituo cha wanyama. Kulisha marufuku. "Kwa ridhaa ya kaya zote arobaini."
Zote? Mimi nani kaniuliza?

Jumamosi, 7 Oktoba
Nimekwenda ofisini kwake. Akafungua jalada, ukurasa wa tisa, herufi ndogo: muhuri utahesabiwa kuwa ni ridhaa. Nikamwambia muhuri maana yake nimeliona, basi. Ndivyo ilivyo tangu nihamie hapa, miaka thelathini na mmoja.
"Sasa Bi Kuwabara," akasema kwa upole, "sisi tungejuaje kuwa hamsomi?"
Na muhuri wangu upo. Mwekundu, umenyooka kuliko yote. Mjinga mimi.
Nikamkumbusha masikio ya paka. Tulipowapeleka kwa daktari wasizae tena, kila mmoja alikatwa ncha ya sikio, alama kwamba huyu ataishi hapa mpaka afe mwenyewe. Walikuwa kumi na tisa, wamebaki saba. Kazi ilikuwa inakwisha yenyewe! Akasema hayo mlikubaliana na mwenyekiti aliyepita. Nikauliza huko kwenye kituo watatunzwa? Akaangalia saa yake. Paka mzee nani atamchukua? Nikaufuta muhuri wangu palepale, nikatoka.

Jumapili, 8 Oktoba
Nimebisha milango kumi na miwili. Kwenye kumi na mmoja ya kwanza hakuna aliyesoma. Wote wanawapenda paka. Hakuna anayefuta muhuri wake.
Bi Sekiguchi: "Dada, nikifuta peke yangu nitaonekanaje?"
Mimi nimefuta, nikamwambia. Akanikaribisha chai.
Wa mwisho Bi Yanase, mwenye chupa. "Mimi nilisoma," akasema, "ndipo nikapiga." Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii nimeivaa mwenyewe.

Jumatano, 11 Oktoba
Nimetoa kizimba cha zamani, kile tulichowakamatia kuwapeleka kwa daktari. Kinako kaingia bila wasiwasi, kwa kuwa mtegaji ni mimi. Yuko kabatini. Wanyama ndani ni marufuku, chumba changu ni kimoja na nusu. Nimechagua mmoja. Sita nimewaacha. Naona aibu kuliandika.

Alhamisi, 12 Oktoba
Watu wa kituo walikuja saa tatu asubuhi, saa yangu ya kulisha. Wakagonga kopo la chakula. Sita wote wakaja mbio.
Bwana Ushijima: "Si walikuwa saba?"
"Sijui, Bwana Mwenyekiti."
Bi Yanase alikuwa anaondoa chupa zake, moja moja.

Ijumaa, 13 Oktoba
Jalada limerudi. Safari hii nimesoma kila kitu. Ukurasa wa pili: kaya inathibitisha haina mnyama ndani. Piga muhuri.
Nisipopiga, watakuja kukagua. Nikipiga, nimesema uongo kwa wino mwekundu, na wakimgundua tunatoka wote wawili. Umri wangu sabini na nne. Nitahamia wapi?
Kwa kawaida Bi Sekiguchi ananiachia jalada anaondoka. Leo kasimama mlangoni. "Piga tu, dada, nitalipeleka mwenyewe."
Nimemwambia natafuta muhuri. Naandika haya jikoni nimesimama. Muhuri uko mfukoni mwa aproni.
Anaongea huko mlangoni, habari za zoezi la tetemeko. Kinako kaanza kukwaruza mlango wa kabati. Sasa analia.
Bi Sekiguchi amenyamaza.