Nyonga Isiyo na Kitako

Mume wangu Babu, shikamoo. Na Bibi, mke mwenzangu, asinune: kadi ni yenu nyote, ila wewe ndiye mwenye miwani.

Huku Mwera jua limeyeyusha samli koponi, lakini habari ni mfupa. Tumefukua nyonga ya mnyama wa kale, si mkubwa kuliko mbuzi wako wa Idi, imegeuka jiwe. Wakubwa wetu wa kazi wamebishana siku tatu: ni mamba wa kale au dinosaria? Mimi msomi wako nikaona tundu kwenye kikombe cha nyonga, pale paja linapoingia, nikaandika: "Kimetobolewa wakati wa kuchimba." Nyonga ikatiwa sanduku la mamba.

Bi Mwanakombo, mpishi wetu, alipoleta chai akapitisha kidole tunduni. "Mwanangu, hapa hapakutobolewa. Ukingo laini kama wa bakuli! Mbona kikombe cha nyonga ya mbuzi kina kitako?" Mkubwa wetu akashika kioo chake cha kukuzia, akachungulia ukingo, kisha akacheka. Tundu hilo la kuzaliwa nalo ndiyo alama ya dinosaria, na huyu ni wa mwanzo mwanzo.

Usicheke, Babu. Buchani kwako Makorora ulinifundisha kupapasa mfupa kabla ya kutia kisu. Chuo kikanifundisha kuandika kabla ya kupapasa.

Mungu awape afya, na meno ya kutafunia. Bi Mwanakombo nimeshakuposea. Nafasi yangu anaistahili yeye.

Mkeo mdogo, aliyejiacha mwenyewe,
Zuhura