Rangi ya Gari kwenye Meli ya Baba

S.L.P. 46,
Ujiji, Kigoma.
9 Februari, 1998.

Mpendwa mdogo wangu Feliksi,

Shikamoo yako ya barua nimeipokea; marahaba. Natumaini mvua za huko Dar es Salaam hazijakuingilia ndani, na kwamba kifua cha wifi Catherine kimepoa. Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mvua haikati, barabara ya Mwandiga ni tope mpaka kifundoni, na mgongo unaniuma kwa kuinama. Tunamshukuru Mungu. Salamu zimeisha, sasa nisikilize, maana nimekasirika na sitajifanya sijakasirika.

Kwanza Baba. Jicho la kulia limekwisha kabisa. La kushoto anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: akikutazama usoni, mikono yako haioni. Daktari alisema ni presha ya macho, tumechelewa, na tusihesabu kitu baada ya Pasaka. Pasaka ni siku sitini na mbili kutoka leo. Nimehesabu mara mbili.

Unajua alichoomba. Hakuomba nyama wala shuka. Aliomba aione meli yake, ile aliyoifanyia kazi miaka thelathini na moja. Bandarini hataki kupelekwa; anasema siku hizi kumejaa wakimbizi na vilio, na yeye hana macho ya kutosha ya kuyamalizia hayo. Basi nikasema nitamtengenezea, kwani si ndiyo kazi yangu? Wewe na yeye mlinicheka nilipoanza kuchonga meli ndogo baada ya kufiwa na mume. Mkasema mwanamke na randa wapi na wapi. Leo wageni wa mashirika wananifuata mpaka mlangoni.

Meli ya mita sitini na nne nimeichonga kwa sentimita themanini. Yaani milimita moja kwangu ni sentimita nane kwake. Ndiyo maana rangi siipaki kama wanavyopaka mitumbwi kule Katonga. Koti la nusu milimita, kwenye meli ya kweli ni sentimita nne za rangi. Hakuna meli inayovaa blanketi. Nilipaka sila ya kuziba vinyweleo vya mti mara mbili, nikapiga msasa, nikafuatisha rangi ya mafuta ya kijivu, nyembamba, nikaiacha siku tisa kwa sababu ya unyevu. Ilibaki nyeusi ya juu, ya ubavuni, ambayo huku ilikuwa imeadimika. Hiyo ndiyo niliyokuagiza wewe. Nilikuandikia kwa herufi kubwa: RANGI YA MAFUTA.

Kopo lilikaa njiani siku ishirini na tatu, reli ilipokatwa na maji. Lilipofika nilikuombea baraka, Mungu anisamehe. Limeandikwa rangi ya mafuta, nyeusi, halina hata kutu.

Sasa umjue Bucumi. Ni mkimbizi, kwao Bujumbura alikuwa fundi wa kupaka magari miaka kumi na tisa. Alipewa kibali cha kutoka kambini siku kumi na nne kumleta mkewe Fébronie hospitali, na mchana alikuwa akinisaidia kwa sababu mkono wake hautetemeki. Nilipofungua kopo akainama, akanusa.

"Mama Verediana, hii inanuka thina."

"Kopo limeandikwa."

"Kopo sijalinusa. Nimenusa rangi."

"Bucumi, umekuja hapa kupaka au kunusa?"

"Ego, mama," akasema, ndiyo yao hiyo, akapaka.

Haikupita robo saa. Rangi ikajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, ubavu wa kushoto wote, kisha wa kulia. Wewe huhitaji kuelezwa. Rangi ya gari, kwa kuwa ina thina, inakaa chini na ya mafuta inakaa juu. Ukigeuza, thina inaila ile ya chini na kuinyanyua. Unalijua hilo, Feliksi. Kazi hiyo ndiyo inayokulisha.

Nilivyomtukana yule mtu siwezi kuandika yote. Nilimwambia ametia thina kwenye rangi yangu ili sehemu akaiuze kambini. Nikamwambia ninyi mkifika mahali hakibaki kitu. Niliyasema kwa sauti, uani, na siku hizi jirani akisikia neno kama hilo juu ya mkimbizi halimtoki tena mdomoni. Bucumi aliisafisha brashi yangu, akaitundika mahali pake, akaondoka.

Ile brashi ndiyo iliyonisumbua. Mtu aliyekuja kuharibu hasafishi brashi. Asubuhi nikalipindua kopo. Kitakoni, kwa mwandiko wako, ile "g" yako yenye mkia: gari, nyeusi. Ulimimina mabaki ya gereji kwenye kopo tupu la rangi ya mafuta, ukafunga, ukapeleka stesheni! Na chini ukajiandikia ili wewe usikosee. Mimi je?

Nilimfuata Mwandiga kwa miguu, na tope lote lile, alikofikia kwa shemeji yake Kaneza. Kibali kilikuwa kimebakiza siku mbili. Nikamwambia mbele ya Kaneza na wanawake waliokuwa wakichambua maharage, kwa sauti ile ile niliyomtukania: nimekosa, kosa ni la kopo, na kopo ni la mdogo wangu.

"Huyo mdogo wako anafanya kazi gani?"

"Anapaka magari."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe nimeponzwa na fundi mwenzangu!"

Alirudi nami. Tukakwangua ubavu wa kulia mpaka kwenye mti, tukapaka sila, na juu yake rangi yako, nyembamba, mahali inapotakiwa kukaa. Ikatoka laini kama kioo. Tulikuwa tunageukia wa kushoto ndipo Baba akaingia na fimbo yake, kachoka kungoja.

Akaweka mkono upande wa kulia, akaupitisha, akanuna. "Hii ya nani?"

"Yako, Baba."

"Yangu haikuwa sahani."

Kisha mkono ukafika kushoto, kwenye makunyanzi, ukasimama. Akaupeleka polepole kutoka omo mpaka tezi, akaurudisha. "Hapa tulipaka juu ya kutu," akasema. "Kila mwaka tunaambiwa tukwangue, kila mwaka tunapaka juu." Akainama, akalileta lile jicho lake karibu kabisa, akaangalia kunyanzi kwa kunyanzi, akitaja majina ya wenzake waliokuwa wakishika brashi.

Nikamwambia, Baba, makunyanzi haya yana milimita moja, kwa kipimo ni sentimita nane, hakuna meli ya namna hiyo. Akasema, "Uliipaka wewe? Niliipaka mimi. Nyamaza na hesabu zako." Bucumi akawa anatazama dari.

Sasa tazama ulikonifikisha. Miaka kumi na moja nasifiwa kwa ulaini, na Baba ameniamuru niharibu ubavu wa kulia ufanane na wa kushoto. Kabla ya kurudi kambini Bucumi alinipakia upya kijivu cha mafuta ubavu huo wa kulia, ili rangi ya gari ije ikinyanyue. Kimekauka, kinangoja kuharibiwa, na rangi yako imekwisha. Nataka kopo jingine la ile ile, na juu yake andika kilichomo.

Lakini usilipeleke stesheni. Lilete mwenyewe. Krismasi nne hujakanyaga hapa. Meli naweza kuikwangua na kuipaka mara kumi. Jicho la Baba siwezi. Ukifika usimsimamie upande wa kulia, hatajua kuna mtu. Simama mbele yake, karibu, usitikisike, mpaka akupate kwenye lile tundu.

Wifi Catherine na watoto wasalimie mmoja mmoja, na Alphonce mwambie shangazi amemwekea dagaa. Bucumi na Fébronie walikuachia salamu walipoondoka. Bucumi anasema fundi mwenzake ajifunze kunusa. Mungu akufungulie njia, reli isikatike tena, na akufikishe hapa Baba akiwa bado anaona.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa hasira hizi,

Verediana